Taa Zilipokuwa Majini

Juzi mjukuu wangu alikuja na kispika chake kisichozidi kopo la maziwa, akakitua mezani, akagusa simu, na nyumba ikajaa ngoma mpaka kuku wakatoka nje. Kisha akanigeukia. "Nkambo, zamani yenu mulikuwa munafanyaka je?"

Nilicheka hadi nikaweka kikombe chini. Tulifanyaje! Mjukuu wangu, tulibeba. Hilo ndilo jibu fupi. Jenereta tuliibeba watu wanne, tukiwa tumeining'iniza kwenye mti. Betri za lori tulibeba kichwani, na asidi ikitutoboa nguo mpaka fundi cherehani akatuchoka. Jibu refu ndilo hili ninalowaandikia ninyi nyote mnaopiga muziki kwenye harusi na mikutano hapa Nchelenge na Kashikishi, kandokando ya ziwa letu, mnaodhani kazi hii ilizaliwa pamoja nanyi.

Kazi nilifundishwa na Yama, yaani mjomba wangu, ndugu wa mama yangu. Jina lake Kapembwa, lakini mimi nisingethubutu kumwita hivyo, kama yeye asivyoniita Selina. Aliniita mwipwa, mtoto wa dada yake. Alikuwa ametengeneza injini za boti ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na alirudi kwetu na jenereta moja, kikuza sauti kimoja, mashine ya sinema iliyonunuliwa kwa watu wa misheni, na Kifaransa alichokitumia akikasirika tu. Mashine ikimgomea, alihamia Kifaransa. Ukimsikia anasema "alors", sogea pembeni.

Somo langu la kwanza lilikuwa karabai, ile taa ya mafuta ya kupampu. Ndani yake kuna kisoksi cheupe. Ukikichoma mara ya kwanza kinageuka jivu, lakini jivu linalosimama, na hilo jivu ndilo litoalo mwanga. Ukiligusa, limekwisha. Ukitua taa kwa kishindo, limekwisha. Ukipiga chafya karibu yake, nenda kanunue kisoksi kingine.

"Hii haiko taa, mwipwa," Yama aliniambia. "Hii ni mutoto mwenye kulala. Unamubeba polepole."

Niliua visoksi vingi kabla mkono wangu haujatulia. Wasichana wenzangu walinicheka kwamba natembea barabarani kama bibi harusi anayesindikizwa, hatua moja, pumzika, hatua moja. Wacheke tu. Mpaka leo naweza kubeba chai iliyojaa pomoni toka jikoni hadi uani bila kumwaga tone.

Somo la pili lilikuwa upepo. Mgeni yeyote akifika hapa na vyombo vyake anaelekeza vipaza sauti kwa watu, basi, amemaliza. Sisi tulikuwa na vipaza sauti vya pembe, vile vya bati vyenye mdomo mpana, na pembe haibishani na upepo. Mchana upepo wetu hutoka ziwani kuja nchi kavu. Jua likishatua unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani, taratibu, na maji yakitulia yanaichukua sauti kama mtu anayetembeza umbea.

Umbea huo niliushuhudia mwenyewe. Palikuwa na harusi Kashikishi, maikrofoni ikawa imeachwa wazi mezani, na shangazi wa bwana harusi akamwinamia jirani yake kumnong'oneza, "Huyu mutoto, hata kupika ubwali hajue." Waalikwa walikuwa wanaimba, kwa hiyo nchi kavu waliosikia ni wachache. Lakini pembe moja ilikuwa imegeukia ziwa. Asubuhi mitumbwi ilipofika na samaki, wavuvi waliokuwa mbali kule, ambapo watu wa pwani wanaonekana kama nukta, waliteremka wakiulizana kama bibi harusi ameshajifunza kupika ubwali, yaani ugali wetu. Habari ikafika Puta kabla ya gari la samaki. Shangazi alihamia Mansa kwa muda.

Liwekeni hilo akilini, nitalirudia.

Sinema nayo ilikuwa na mambo yake. Kitambaa chetu cha kuonyeshea picha kilikuwa mashuka mawili yaliyoshonwa pamoja, na Yama aliyalowesha maji ili yasishike mikunjo. Shuka lililoloa hupitisha picha upande wa pili. Basi waliochelewa walikaa nyuma ya shuka, na wengine kwenye mitumbwi yao ufukweni, wakitazama filamu kinyumenyume. Tukionyesha mpira wa miguu, watu wa mbele wanaapa mfungaji alipiga kwa mguu wa kulia, watu wa nyuma wanaapa ni wa kushoto, na ugomvi unaendelea sokoni mpaka Jumapili. Wote walikuwa wameona kwa macho yao. Mimi nilikataa kuamua, maana wote walikuwa wateja.

Lakini sinema inataka giza. Mbalamwezi ikiwa nje, picha inakuwa nyeupe kama uji. Kwa hiyo kanuni ya Yama miaka yote ilikuwa moja: tamasha lolote lenye sinema lipangwe kipindi cha giza, wakati mwezi haupo. Kanuni nzuri kabisa. Na ndiyo iliyotaka kutuzika.

Kila mwaka vijana wa pande hizi walikuwa na tamasha lao la nyimbo, ngoma na michezo ya kuigiza. Puta walikuja kwa lori, Kilwa, kisiwa cha humu ziwani na si ile ya baharini, walikuja kwa mitumbwi, na wenyeji walikuwa sisi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Ba Mwansa, yaani Bwana Mwansa, mwalimu, mtu mwema mwenye wasiwasi wa kuku mwenye vifaranga. Mwaka uliotangulia jenereta yetu ilikufa katikati ya igizo, muda uleule ambapo mwizi alikuwa karibu kukamatwa, na hadi leo hajakamatwa. Kamati ilikasirika. Wengine walitaka vyombo vikodiwe Mansa, mjini, kwa watu wenye lori zima la taa. Ba Mwansa alitutetea mara moja. Ya pili asingeweza.

Tulijua maana yake. Kazi ya tamasha ndiyo iliyotuletea harusi, na harusi ndizo zilizotulisha. Ikienda Mansa hairudi. Yama angerudi kwenye injini za watu, na macho yake yalishaanza kufifia. Mimi ningerudi kwenye vichanja vya kukausha samaki nilikotoka, kazi ninayoiheshimu, lakini harufu yake inakufuata mpaka kanisani.

Basi tulijipanga. Jenereta iliyofufuliwa tuliamua isibebeshwe mzigo mkubwa: itaendesha mashine ya sinema na kikuza sauti tu. Jukwaa litawashwa kwa karabai, na karabai tutaazima nyumba kwa nyumba, kama tulivyofanya kwenye harusi za mbalamwezi. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilinunua sukari nikaifunga vipakiti vya kugawa. Yama akachagua tarehe ya giza. Ba Mwansa akaitangaza.

Sasa sikilizeni. Miaka hiyo ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni, na uvuvi mpya ulikuwa umeshika ziwa letu: kuvua chisense, wale dagaa wetu wadogo, kwa taa. Unakwenda na mtumbwi usiku wa giza, unawasha karabai, chisense wanaufuata mwanga, unawachota kwa wavu. Mbalamwezi ikitoka haifai, samaki hawajali taa yako. Sisi tuliyajua hayo. Chisense wenyewe tulikuwa tunawala kila siku na ubwali! Ila kichwa chetu cha kazi na tumbo letu vilikuwa havijawahi kukaa pamoja vikazungumza.

Siku yenyewe ilipofika, mchana ulipoanza kupoa, nikaenda na vipakiti vyangu vya sukari. Nyumba ya kwanza, taa haipo. Ya pili, haipo. Nyumba ya Mama Ngosa, mwenye mitumbwi mitatu, nikamkuta uani anapepeta unga wa mihogo. Aliponisikia aliacha ungo akashika kiuno.

"Taa? Leo? Mwipwa wa Kapembwa, mu giza hii, taa itafanya nini mu nyumba? Iko ku kazi! Ukuye wakati mwezi inaangaza, nitakupa tatu."

"Na Ba Ngosa?"

"Ile nayo iko ku kazi. Bote biko mu maji, taa na mwanaume."

Alichukua sukari hata hivyo, akasema ni ya mwezi ujao.

Nilirudi kwa Yama na karabai moja niliyopewa na Ba Mwansa mwenyewe toka sebuleni kwake. Pamoja na yetu zikawa mbili. Yama aliziangalia, akaniangalia, akaangalia jua linalozama upande wa Kongo. "Alors," akasema. Nikasogea pembeni.

Wakati tukifunga waya, msichana mmoja wa kwaya ya Kilwa alikuja kujaribu maikrofoni. Aliitwa Musonda, ndiye aliyekuwa anaongoza wimbo wao. Alikuwa mwembamba, sauti yake nene ya kushangaza. Nikamwuliza kama wazazi wake wamekuja kumsikiliza.

"Mama iko pale, amekaa na bibi ya pasta. Tata iko mu maji. Tata Ilunga, munamujua?"

Nani asingemjua? Mvuvi mkubwa wa Kilwa, mtu wa ng'ambo aliyehamia kisiwani kwa samaki akabaki kwa mke.

"Hajanisikia hata siku moja," Musonda akasema, akizungusha waya kidoleni. "Tukiimba usiku, iko mu maji. Tukiimba mchana ku kanisa, analala sababu usiku alikuwa mu maji." Akacheka, lakini nilimwona akiangalia ziwa.

Giza likaingia. Tulikuwa tumejenga jukwaa kwenye ncha ya mchanga inayoingia ziwani, pale mitumbwi inapotua, kwa kuwa pana nafasi na watu wanaweza kukaa upande wa nchi kavu. Puta wakaanza na ngoma, kwa karabai mbili. Jamani! Tuliona miguu ya wachezaji na meno yao, basi. Wawili waligongana vichwa. Mmoja akapiga teke ngoma, ikabingirika mpaka majini, na mpiga ngoma akaifuata huku akiendelea kupiga mdundo kwenye mapaja yake. Watu walicheka kwanza. Kisha wakaacha kucheka wakaanza kunung'unika. Cha kuazima hakisitiri maungo, na sisi hata hicho cha kuazima hatukukipata.

Ba Mwansa akaja kwetu polepole, akainama.

"Ba Kapembwa, mukwai. Watu wa Mansa nimewaambia wangoje. Nisaidieni nisije nikawaambia waje."

Hakutukemea, alituambia "mukwai", tafadhali yetu ya heshima. Angetukemea ingekuwa nafuu. Hata Kifaransa kilimkauka Yama. Aligeuka kuangalia ziwa, nami nikageuka.

Kule majini, kuanzia kushoto mpaka mwisho wa macho, palikuwa pamewaka. Mji mzima wa taa, zinapandapanda na kushukashuka na mawimbi. Kila karabai ya Kashikishi ilikuwa pale, na za Kilwa pia.

"Zote ziko pale," Yama akasema. "Zinatuchungulia."

Ndipo nilipomkumbuka yule shangazi wa harusi. Nilinyoosha mkono: upepo ulikuwa umeshageuka, ulikuwa unanipuliza mgongoni kuelekea ziwani. Nikaziendea pembe, nikazizungusha zote mbili, zikawapa watu kisogo. Watu wakapiga kelele. "Sauti nayo munatunyima?" Yama akanielewa papo hapo. Akawasha kikuza sauti mpaka mwisho na kunipa maikrofoni.

"Sema weye," akasema. "Sauti yangu wanaijua. Wataniwaza naomba taa."

"Si ndiyo tunaomba taa, Yama?"

"Njo maana sema weye."

Kabla ya hapo sikuwahi kusema chochote kwenye maikrofoni zaidi ya moja, mbili, moja, mbili. Nikasema kwa Kiswahili cha kuuzia samaki, ambacho kila mtu majini alikielewa, wa ng'ambo na wa huku.

"Batata na bandugu muko mu maji, jambo yenu! Hapa ni ku Kashikishi, ku fête ya vijana. Batoto yenu banacheza mu giza, banagongana sawa mbuzi mu lupango! Hatuombe samaki. Tunaomba mwangaza. Mukuye na mitumbwi, mukae huku na huku ya hii mchanga. Taa ikikuya, samaki itafuata. Hamutapoteza kitu."

Hakuna kilichosogea. Nikasikia mtu nyuma yangu anacheka. Nikashusha pumzi.

"Tata Ilunga ya Kilwa, kama unanisikia. Musonda njo anaimba nyuma ya bote. Leo utamusikia, sauti itafika pale. Lakini kumuona hautamuona. Na sisi hatutamuona."

Nikaishusha maikrofoni. Ba Mwansa alikuwa ameshika tama. Nami nikatamani ardhi ipasuke kidogo tu, nafasi ya mtu mmoja.

Kisha kule mbali, taa moja ikajitenga. Nilidhani ni mawimbi. Yama, mwenye macho mabovu, ndiye aliyeiona kwanza ikikua. Ikaja moja kwa moja, haikupinda. Ikafuata ya pili, halafu tatu kwa pamoja, halafu ule mji wote ukaanza kusogea, kila taa na njia yake. Watu wakasimama. Akina mama wakapiga vigelegele. Nawaambieni ukweli, nililia, na maikrofoni ilikuwa bado wazi, kwa hiyo ziwa zima likanisikia.

Ndani ya mtumbwi wa mbele alikuwemo Tata Ilunga, kasimama, kofia ya kufuma kichwani. Nyuma yake mvuvi mwingine alikuwa analalamika. "Ngoma itafukuza samaki!"

"Samaki iko na masikio?" Tata Ilunga akamjibu. "Iko na macho. Pita!"

Basi nikafanya kazi yangu. Kosa la wasiojua taa ni kuziweka zote mbele ya mchezaji, uso ukawa bapa kama sahani. Au nyuma yake, ukaona kivuli. Mimi nilizipanga pembeni, mitumbwi mingine kulia kwa ile ncha ya mchanga, mingine kushoto, nikiiamuru kwa maikrofoni. Wewe rudi nyuma kidogo, unampofusha pasta. Wewe inua taa yako kwenye kasia. Baba mwenye shati jekundu, acha kupunga mkono, huyo mke wako ameshakuona. Maji yakauchukua mwanga na kuurudisha juu, ukawa laini, ukicheza kwenye nyuso. Nimewasha majukwaa mengi baada ya hapo, kwa balbu na kwa taa za rangi. Zuri kama lile sijaliona tena. Puta waliomba waanze upya, wakaruhusiwa.

Na chisense wakaja, kama nilivyoahidi, ingawa niliahidi kwa kubahatisha. Kwanza mmojammoja, kisha maji yakaanza kuchemka. Ilipofika zamu ya Kilwa, pembeni mwa jukwaa palikuwa panameremeta samaki watupu. Wavuvi walikuwa wameshika nyavu, wanahema. Mwenye njaa usimwonyeshe sufuria. Tata Ilunga akainua kasia lake juu, na kila mtu akaelewa: hakuna kutia wavu.

Musonda akafika kwenye maikrofoni. Akavuta pumzi, akatoa neno la kwanza, akamwona baba yake. Akakatika. Nikadhani waya umekufa, nikaurukia, nikautikisa. Waya ulikuwa mzima. Ni yeye aliyekuwa amenyamaza.

Toka mtumbwini ikaja sauti, bila pembe wala betri.

"Imba, mama. Niko."

Akaimba. Sitawaelezea, maana nilikuwa nimekaa juu ya jenereta nikilia mara ya pili, na mtu anayelia hasikii vizuri. Nakumbuka tu lile kasia, lilikaa juu mpaka neno la mwisho, na mzee akiongeza mkono wa pili kulishikilia.

Lilipoteremka, lo! Nyavu zikaingia majini kwa mshindo mmoja. Na watu nao! Akina mama wakafungua vitenge wakavigeuza nyavu, vijana wakavua mashati, waamuzi wa mashindano wakaingia na viatu vyao. Mshindi hakutangazwa kamwe. Waulizeni wazee wa Puta, kisha waulizeni wa Kilwa, mtapata majibu mawili. Sinema haikuonyeshwa, na hakuna aliyeiulizia.

Ba Mwansa akatujia suruali imeloa mpaka magotini, kitambaa chake cha mkononi kimejaa chisense.

"Watu wa Mansa nitawaambia wasihangaike," akasema. "Ila mwaka ujao, mukwai, tuweke tarehe ya mbalamwezi au ya giza?"

Yama na mimi tukajibu kwa mdomo mmoja: "Giza!"

Nilibaki na vipakiti kadhaa vya sukari. Nikaviteremsha mpaka kwenye mtumbwi wa Tata Ilunga, ambaye alikuwa anajiandaa kurudi majini. Samaki hawamngojei mtu. Musonda alikuwa amekaa kando yake, miguu yote miwili kwenye samaki. Mzee akaikataa sukari. Nikamwambia ni haki yake, kila mwenye kutuazima taa tunampa.

"Hapana," akasema, akipampu karabai yake iliyoanza kufifia. "Miaka yote niko nawashia samaki. Leo njo nimewashia mutoto yangu. Hiyo unanilipa ya nini?"